"Ni uzee tu": Neno linalowamaliza wazee wetu



Ndugu msomaji, katika nyumba zetu lipo neno moja ambalo hutamkwa kwa upole na kwa nia njema, lakini madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani. Mzee akiacha kula, tunasema ni uzee. Akianza kuanguka, ni uzee. Akivimba miguu, akisahau jina la mjukuu wake, akitokwa na mkojo bila kujijua, akilala mchana kutwa ameelekea ukutani, jawabu ni hilo hilo: "Aa, ni uzee tu huo, muacheni apumzike." Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena.

Wapo wanaoona kuwa neno hilo lina hata dalili katika dini. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, katika hadithi iliyopokewa na Usama bin Sharik (r.a) na kutolewa na Abu Daud na Tirmidhi, aliwaamrisha watafute dawa na akawafahamisha kuwa Allah (s.w) hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa kitu kimoja, nacho ni uzee. Sasa sisi tumeishika sehemu ya mwisho ya hadithi hii tukaiacha ya mwanzo. Kilichobaguliwa pale ni uzee wenyewe, yaani miaka, ambayo hakuna wa kuirudisha. Haikusemwa kuwa maradhi ya mzee hayana dawa. Kisukari cha mtu wa miaka 80 ni maradhi. Mtoto wa jicho ni maradhi, tena hutolewa kwa upasuaji mdogo mtu akaona. Tezi dume inayomzuia babu mkojo ni maradhi. Yote hayo yamo ndani ya amri ya kujitibu kama yalivyomo maradhi ya kijana.

Kwa hakika kuujua uzee ukomee wapi na maradhi yaanzie wapi si jambo la kubahatisha. Ni elimu, ina vitabu vyake na vyuo vyake, na mimi naiona kuwa ni fardhi kifaya ambayo sisi watu wa Pemba hatujaitekeleza. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Tuchukue mfano. Sitaji mtu wala kijiji, kwa sababu nyumba hii inaweza kuwa yoyote baina ya Konde na Kengeja. Yupo bibi wa miaka 78, anaishi na binti yake. Akili yake timamu, sala zake tano hazimpiti, na jioni husuka ukili barazani. Tangu mwaka jana mkojo umekuwa ukimtoka kidogo anapokohoa au anapoinuka. Hakumwambia mtu, maana ni jambo la aibu. Linalomuumiza zaidi ni udhu: anatawadha, anatandika msala, na kabla hajafika rakaa ya pili anahisi nguo imelowa. Choo kiko nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, na usiku ni giza. Basi bibi akatafuta hila yake mwenyewe. Akapunguza maji. Asubuhi nusu kikombe cha chai, mchana funda mbili za kumezea vidonge vya presha, usiku hanywi kitu. Nia yake ni kuihifadhi ibada, na hakuna aliyejua.

Mtu wa miaka 20 akipungukiwa na maji, kiu humsumbua mpaka anywe. Mzee kiu yake imepungua nguvu, anaweza kukauka bila ya kuhisi haja ya kunywa. Mkojo wa bibi ukawa mchache na mzito, na vijidudu vikapata pa kukaa. Kijana akipata maambukizo ya njia ya mkojo atalalamika kuwa anaungua na atakuwa na homa. Mzee anaweza asiwe na homa wala maumivu, na ishara ya kwanza ikatokea kwenye akili. Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi huyu. Siku mbili tatu tu, akaanza kumwita ndugu yake aliyefariki zamani. Akamtukana binti yake, jambo ambalo hajapata kulifanya maisha yake yote. Usiku halali, mchana anasinzia, na mikono yake inachuma hewani kama mtu anayeokota nyuzi.

Nyumba ikagawika. Nusu wakasema ni uzee umeingia kichwani. Nusu wakasema bibi ana shetani, na jirani akajitolea kwenda kumleta mganga. Akaja, akapiga bao, akataka kuku na pesa. Sina haja ya kueleza hukumu ya mambo hayo katika gazeti hili. Kisomo cha Qur'an na dua ni haki ya mgonjwa na visiachwe. Lakini siku tano zilipita bila ya mtu yeyote kumpeleka bibi kituo cha afya akapimwe mkojo na sukari, wakati pengine ugonjwa wake ulikuwa ni wa dawa za wiki moja na maji kijiko kwa kijiko.

Siku zote hizo alilala chali. Binti akaona wekundu juu ya makalio, pale kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo. Kwa mapenzi akapasugua kwa mafuta ya nazi, kwa nguvu, ili damu itembee. Kisha akakunja kanga akafanya kata kama ya kubebea ndoo, akamuwekea bibi chini ili pasigusane na godoro. Mambo yote mawili ni makosa, na karibu kila nyumba huyafanya. Ngozi iliyokwisha kugandamizwa ikisuguliwa huzidi kuchanika kwa ndani, na ile kata hukaba damu pande zote ikazidisha kile ilichowekwa kukizuia. Kidonda kikafunguka. Bibi alipofikishwa hospitali mfupa ulikuwa unaonekana.

Baada ya maziko tukasema ajali yake ilikuwa imefika. Na ajali iko kwa Allah (s.w), hatulipingi hilo hata kidogo. Lakini hakuna aliyeamrishwa kuisubiri ajali ya mzazi wake bila ya kuuliza ana nini.

Angalia sasa, ndugu msomaji. Katika kisa hiki hakuna mtu mbaya. Binti aliacha shughuli zake, alikesha, alifua nguo na mashuka ya mama yake kila siku. Hakukosa mapenzi wala hakukosa kumcha Mungu. Alikosa mtu wa kumwambia mambo matatu manne. Na lile la kwanza lilikuwa la fiq'hi wala si la dawa: kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye mkojo usiozuilika husubiri wakati wa sala uingie, akajisafisha, akaweka kitambaa cha kuzuia, akatawadha, akasali bila ya kuchelewa, na kinachotoka baada ya hapo amesamehewa. Atafanya hivyo kwa kila sala ya fardhi. Bibi alikuwa na ruhusa ya kunywa maji yake yote. Amekaa miaka katika darsa za akina mama na hakuna aliyemfikishia mas'ala hayo, kwa sababu sisi wenyewe tunaona haya kuyasomesha.

Elimu ninayoizungumzia wataalamu huiita jerontolojia, yaani elimu ya uzee. Jina hilo lilitolewa mwaka 1903 na mwanasayansi Élie Metchnikoff, aliyekuwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Mwaka 1909 daktari Ignatz Nascher wa New York akatoa jina la tiba ya wazee, akitaka itengwe kama ilivyotengwa tiba ya watoto. Lakini majina hayo yamekuja nyuma ya jambo lenyewe. Karne nyingi kabla yao, Ibn al-Jazzar, tabibu wa Qayrawan katika nchi ya Tunisia, aliandika kitabu kizima juu ya tiba ya wazee na kuhifadhi afya zao. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika Qanun yake mlango wa namna ya kumtunza mzee: apewe chakula kidogo kidogo kwa awamu badala ya sahani moja kubwa, mwili wake ukandwe kwa mafuta kwa kiasi, asiachwe bila ya mwendo. Kwa hivyo anayesema kuwa hii ni elimu ya makafiri hajafungua vitabu vya wazee wake mwenyewe.

Kuna tukio moja katika historia ya elimu hii ambalo nalipenda kulisimulia. Mwaka 1935, daktari mmoja mwanamke, Marjory Warren, katika hospitali ya West Middlesex huko London, alikabidhiwa wadi zilizokuwa za nyumba ya mafakiri iliyo jirani. Alikuta wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee waliolala kitandani kwa muda mrefu. Hawakuwa na matibabu wala hawakuwa na jina la ugonjwa. Wamelishwa, wamefunikwa, basi. Yeye akafanya kitu ambacho hakikuwa kimefanywa: akawapima mmoja mmoja. Huyu amepata kiharusi na hakufundishwa kusimama tena. Yule anachohitaji ni miwani. Mwengine misuli imelegea kwa kulala tu. Akawatenganisha, akawatibu, akawazoesha kukaa, kisha kusimama, kisha kutembea. Akabadilisha hata rangi ya kuta na mwangaza wa taa. Wengi waliinuka, na sehemu yao walirudi makwao. Hawa nao walikuwa wamelazwa kwa "ni uzee tu" ya Kiingereza.

Tusiende mbali. Hapa hapa Tanzania, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti mwaka 2009 na 2010 walizunguka vijijini wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kuangalia maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Waliyonayo walikuwa takriban 6 katika kila 100. Maana yake ni kwamba katika kila wazee 100 wa umri huo, 94 hawana maradhi hayo. Basi vipi tunasema kuwa kila mzee lazima achanganyikiwe? Ukirudi kwenye Qur'an utaona kuwa aya ya 5 ya Suratul Hajj inasema kuwa miongoni mwetu wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu mpaka wasijue kitu baada ya kuwa walikuwa wanajua. Miongoni mwetu. Haikusema sote.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye mzee nyumbani alishike. Kusahau kunakokuja kidogo kidogo kwa miezi na miaka ni jambo moja. Kuchanganyikiwa kunakokuja kwa siku mbili au kwa usiku mmoja ni jambo jingine kabisa, na ni dharura kama vile kuvuja damu. Huenda ni maambukizo ya mkojo au ya mapafu, sukari imeshuka au imepanda, maji yamepungua mwilini, mkojo umeziba, choo kimekuwa kigumu kwa wiki nzima, au ni dawa aliyopewa. Dawa za mafua zenye kuleta usingizi, ambazo tunajinunulia dukani kama peremende, zinaweza kumvuruga mzee akili. Mzee kama huyu anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Hasubirishwi mpaka Ijumaa.

Sasa nakuja kwenye pingamizi, maana nalisikia kabla sijaandika. Watasema: "Hayo ni mambo ya Wazungu, wanaowatupa wazazi wao kwenye majumba ya wazee. Sisi Waislamu tunakaa na wazee wetu." Ni kweli, na alhamdulillah. Aya ya 23 ya Suratul Israa imetaja uzee wa mmoja wa wazazi au wote wawili, na ikataja kuwa uzee huo unawafikia wakiwa kwako, yaani chini ya ulinzi wako. Hata neno la kuonesha kuchoka tumekatazwa kuwaambia. Nyumba za wazee za Limbani, pale Wete, ni stara kwa yule asiye na mtu, na haifai kuzidharau wala kuwadharau wanaoishi mle. Lakini kwa Muislamu mwenye watoto, asli ni nyumbani.

Ni hapo hasa ninapopatia hoja yangu. Ikiwa Allah (s.w) amemuweka mzee ndani ya nyumba yako, basi nyumba yako ndiyo wadi, na wewe ndiye muuguzi. Wenzetu wenye majumba ya wazee wanaweka humo watu waliosomea. Sisi tunaweka mtu yeyote aliyebaki. Na kwa kawaida aliyebaki ni mwanamke mmoja: binti aliyeachika, mkaza mwana, au mjukuu aliyefeli mtihani. Makaka wako Dar es Salaam, Unguja, Dubai au Maskati, wanatuma pesa, Allah awalipe, na kila Ijumaa wanapiga simu kuomba radhi. Hawajui kuwa yule dada ana maumivu ya mgongo kwa kumnyanyua mzee peke yake, wala hawajui kuwa kuna namna ya kumnyanyua mtu bila ya kuuvunja mgongo, na kwamba namna hiyo inafundishwa siku moja tu. Tunajisifu kuwa hatuwatupi wazee wetu. Lakini mtu anaweza kutupwa ndani ya nyumba, kitandani, katikati ya watoto wake.

Upande wa Serikali, haki isemwe. Tangu Aprili 2016 Zanzibar inawapa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70, awe aliajiriwa au alikuwa mkulima wa mihogo na mchumaji karafuu. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya masuala ya wazee. Jambo hili lina asili katika historia yetu: Sayyidna Umar (r.a) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba, akaona si haki kumchukulia kodi ujanani kisha kumuacha uzeeni, akaamuru apewe kutoka Baitul Mal. Kisa hicho amekiandika Abu Yusuf katika Kitabul Kharaj. Lakini shilingi 50,000 haiwezi kumgeuza mgonjwa ubavu. Pesa zinamnunulia bibi sukari na mafuta ya taa, na hazimuulizi anakunywa vikombe vingapi vya maji.

Kinachotakiwa ni watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakaazi 543,441 katika kisiwa hiki. Hospitali tunazo, Chake Chake, Wete, Micheweni na ile ya Abdulla Mzee pale Mkoani, na vituo vya afya vimeenea mpaka vijijini. Mtoto mchanga ana kliniki yake, ana kadi yake, anapimwa uzito, anachanjwa, na mama yake anasomeshwa namna ya kumnyonyesha. Nauliza: mzee wa Kojani au wa Makangale ana kadi gani? Nani anampima uzito kujua kuwa amepungua? Tumejenga elimu nzuri kwa mwanzo wa umri, na mwisho wa umri tumeuachia hisia.

Rai yangu ni hii. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinasomesha uuguzi na ustawi wa jamii, na kina kampasi hapa Pemba, Mchangamdogo. Kianzishe cheti cha utunzaji wa wazee, cha miezi sita au mwaka, kisomwe hapa hapa kisiwani bila ya kumvusha mtu bahari. Kimpokee aliyemaliza kidato cha nne, na kimpokee pia mama wa miaka 40 aliyemuuguza mzazi wake, ambaye anajua kwa mikono mambo ambayo kijana atayasoma kwa vitabu. Elimu ya uzee si udaktari peke yake. Ndani yake mna chakula, mna kunyanyua na kusafisha, mna haki za mzee katika pensheni na mali yake, maana wapo watoto wanaogawa mashamba ya mikarafuu mzazi yu hai. Mna namna ya kuzungumza na mtu aliyepoteza kumbukumbu bila ya kumbishia. Na kwa hapa kwetu naongeza somo ambalo chuo cha Ulaya hakiwezi kulitoa: fiq'hi ya mgonjwa na mzee. Tahara yake, tayammamu yake, sala ya kukaa na ya kulala, fidia ya funga. Alisomeshe sheikh, darasa lile lile anamosomesha muuguzi.

Nasisitiza wanaume pia wasome. Mzee wa kiume anastahiki kuoshwa na mwanamume, atahiriwe uchi wake na heshima yake. Vijana wetu wanaona kazi hii ni ya wanawake, na matokeo yake babu anakaa bila ya kuogeshwa siku tatu kwa sababu mkaza mwana anaona haya, na yeye babu anaona haya zaidi.

Na wewe mzazi unayemtafutia mwanao chuo, usicheke ukiambiwa kuna elimu ya kuhudumia wazee. Nani asiyejua kuwa mabinti wa visiwa hivi wanakwenda Omani kufanya kazi za majumbani, na kwamba miongoni mwa kazi hizo ni kuwahudumia wazee wa watu? Wanajifunza kule kumgeuza mgonjwa, kumpima sukari, kumlisha kwa utaratibu. Wakirudi hakuna anayewauliza wamejifunza nini. Tunauliza wamerudi na kiasi gani. Kama chuo kingewapima na kuwapa cheti, tungepata waalimu wa kwanza bila ya kuagiza mtu.

Cheti hicho kikichelewa, mambo mengine hayasubiri. Nitayataja yale ambayo nyumba yoyote inaweza kuyaanza leo.

Maji kwanza. Usimuulize mzee kama ana kiu, mpe. Gawa maji mchana, kikombe kila anapomaliza sala, na punguza baada ya magharibi ili usiku asiamke mara nyingi. Kama daktari amemwekea kiwango cha maji kwa sababu ya moyo au figo, fuata cha daktari.

Choo kinaua wazee zaidi kuliko tunavyofikiri, kwa sababu ndiko wanakoanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo wengi hawainuki tena. Pigilia mti imara ukutani wa kushikia. Fundi seremala atakutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, ili mzee asichuchumae. Sakafu isiwe na utelezi wa sabuni wala ukoga, na malapa yaliyolika yatupwe. Njia ya usiku iwe na taa. Pa kutawadhia aweke kigoda, atawadhe amekaa, mtu asisimame kwa mguu mmoja kuosha mwengine akiwa na miaka 80.

Aliyelala kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Mto baina ya magoti, na mwengine chini ya miguu, kwenye misuli ya nyuma, ili visigino vielee. Shuka lisiwe na mikunjo wala makombo. Akilowa abadilishwe hapo hapo, aoshwe, akaushwe kwa kugusagusa bila ya kusugua. Ukiona wekundu usioondoka unapobonyeza kwa kidole, hapo tena pasilaliwe mpaka pawe sawa, na mweleze muuguzi kabla pahajachanika.

Chakula apewe amekaa, au ameinuliwa kwa mito, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Uji unaomiminwa mtu amelala chali huingia kwenye mapafu. Kinywa kisafishwe hata kama hakina jino hata moja, kwa kitambaa safi au msuwaki laini, asubuhi na kabla ya kulala. Mtume (s.a.w) hakuacha msuwaki hata katika maradhi aliyofariki nayo.

Masikio yaangaliwe, kwani wapo wanaoambiwa wamekuwa viziwi au wamepungukiwa akili na kumbe masikio yamejaa nta. Macho yapimwe.

La mwisho ni dawa. Chukua mfuko, tia kila kitu anachokunywa mzee wako: vidonge vya presha vya mwaka huu na vya mwaka jana, vile alivyoletewa na mwanawe kutoka Maskati vyenye maandishi ya Kiarabu, dawa ya mafua, chupa ya mitishamba, hata kile kidonge kimoja alichopewa na jirani kwa kuwa "kilimfaa yeye". Nenda navyo kituo cha afya pamoja na mzee mwenyewe, uvimwage juu ya meza mbele ya daktari, na umuombe akuambie kipi kinaendelea na kipi kinatupwa. Na akikuangalia akakwambia "mama, huo ni uzee tu", muulize kwa adabu amepima nini.